Tulipokwenda Kuposa Mkataba

Mjomba wangu hakuwa amewahi kutoka kwenye nyumba ya watu na jibu la hapana. Miaka ile ya tisini Wakenya wa Toronto walikuwa wakioana mbali na wazazi wao, na wazee wa kuwasemea walikuwa wa kuokoteza: mmoja mjomba wa kweli, mwingine jirani Mrundi aliyevishwa ujomba kwa siku moja. Lakini msemaji alikuwa yule yule, mjomba wetu, ndugu wa mama. Angeketi kwenye sofa la watu asiowajua, amalize chai, aulizie afya ya kila mtu mpaka ya mtoto aliye tumboni, ndipo ataje kilichomleta. Wenye binti walijikuta wamekubali kabla hawajajua wameombwa nini. Nilimpenda sana na bado nampenda, nalisema mapema kwa sababu ya yatakayofuata.

Mdogo wangu alikuja Kanada kusoma, kwenye chuo kikuu kilicho karibu na makutano ya barabara za Jane na Finch, akakaa kwangu ghorofa ya kumi na mbili. Nyumbani alicheza raga shuleni. Hapa wakamwona anavyokimbia, wakamwingiza katika mpira wao, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, ambao wanauita mpira wa miguu ingawa mguu hauugusi ila kwa nadra. Kazi yake ilikuwa moja: unapewa mpira mkononi, unaambiwa pita katikati ya wanaume hawa wanaotaka kukuvunja. Mbeba mpira. Alipomaliza masomo alichukuliwa na timu ya kulipwa, ambayo sitaitaja, na kwa misimu miwili aliubeba mpira wao vizuri hata mimi nikajifunza kupiga kelele mahali panapostahili. Msimu wa tatu wanaume wawili walimwangukia goti. Nilikuwa uwanjani. Yeye hakulia, niliyelia ni mimi.

Ukaja upasuaji, yakaja magongo, kisha mazoezi ya kujifunza kutembea upya. Wakala wake, aliyekuwa akipiga simu kila Jumapili, akaacha kupiga. Mkataba nao ukaisha, na kabla ya msimu mpya timu ikamwita kwa mazungumzo. Yeye alitaka miaka mitatu.

Kila mtu alikuwa na maoni. Mimi nilifanya kazi Malton, karibu na uwanja wa ndege, kwenye jiko linalopika chakula cha abiria, na wenzangu wa zamu waliniambia bila haya kwamba wao wasingempa mbeba mpira aliyevunjika hata msimu mmoja. Miguu ya watu hao, walisema, huchakaa mapema hata bila kuumia. Kumpa miaka mitatu ni kununua mtumba kwa bei ya dukani. Nikawauliza kama wao wakikatwa kidole na mashine ya mkate wangependa kuambiwa hivyo. Wakarudi kwenye kazi zao, na si kwa kukubali, ila kwa kuwa nilikuwa nimeshika kisu.

Aliyelieleza jambo hilo vizuri kuliko wote ni mdogo wangu mwenyewe, jioni moja, mguu juu ya kiti na pakiti ya njegere za friji gotini.

"Sista, si ati nataka kukaa bure," aliniambia. "Wakinipa mwaka moja, lazima nikimbie from day one, goti ipone isipone. Wakinipa three years, naweza waambia ukweli. Naweza sema, coach, leo inauma, na nisifutwe. Hii goti inataka time, ni hiyo tu."

Kumbe timu haikuwa inajua ukweli. Mbele yao alikimbia moja kwa moja akitabasamu, maana kukimbia hivyo aliweza. Kugeuka ghafla na kushuka ngazi ndiko kulikomtesa. Lifti ya jumba letu ilipoharibika, na iliharibika kama vile inalipwa kuharibika, alishuka kinyumenyume kutoka juu hadi chini, ameshikilia chuma, jasho likimtoka mgongoni. Hapo nikaelewa kwamba mkataba mrefu haukuwa zawadi ya kumpa mtu aliyepona. Ulikuwa ndiyo dawa yenyewe, nao walitaka apone kwanza ndipo wampe dawa. Nilitembea na hasira hiyo wiki nzima.

Meneja wa timu alimwambia aje ofisini Jumamosi, na kama ana mwakilishi, aje naye. Alimaanisha wakala. Mdogo wangu akalitaja hilo mezani kwangu, mjomba yupo.

"Mwakilishi?" mjomba akasema, akaweka kikombe chini. "Kwani wewe ni yatima, uende ukajisemee mwenyewe? Tutakwenda."

Mdogo wangu akanitazama kwa macho ya kuomba msaada. Lakini mjomba wa mtu hakataliwi, hasa aliyekwisha kuamua suti atakayovaa.

Tukaenda ujumbe mzima: mjomba kwa suti ya kahawia, mimi kama dada wa kijana, na shemasi wa kanisa letu, Mkongo wa Bukavu, mwenye gari kubwa na moyo mkubwa zaidi. "Mambo ya famille, mutu hawezi bakia nyuma," alisema, na hakuna aliyembishia. Mimi nilibeba chupa ya chai na mandazi, kwa kuwa hatukujua hao wakwe wana desturi gani. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nilijisemea kimoyomoyo tukiwa njiani, nikaona aibu kumfikiria ndugu yangu hivyo. Tulipofika mdogo wangu alimshika mjomba mkono. "Mjomba, tafadhali, usiseme mengi."

"Mengi husemwa na asiyejua kusema," mjomba akamjibu, akaweka tai yake sawa.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia meneja. Akatukuta mlangoni watu wanne badala ya wawili, akashangaa kidogo, kisha akaenda mwenyewe kututafutia viti. Ni vigumu kumchukia mtu anayekubebea kiti, ila nilijitahidi.

Mjomba akaanza kwa Kiingereza chake cha shule ya misheni. Akauliza habari za majira, za watoto wa meneja, za mama yake kama bado yu hai. Meneja alitazama saa mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akaacha kuitazama na kueleza kwamba mama yake ana umri mkubwa na hasikii vizuri. Mjomba akampa pole ya kweli. Ndipo akataja kilichotuleta.

Meneja hakuzunguka. Alisema anampenda kijana, na kazi yake anaijua. "Lakini mimi silipii yaliyopita," alisema. "Nalipia msimu ujao na utakaofuata. Nikimpa miaka mitatu, na goti likakataa mwaka wa kwanza, kuna vijana wawili nitakaowafungia mlango. Nao wana dada zao." Alinitazama aliposema hivyo. Nikammiminia chai.

Mjomba alikuwa na jibu. "Kwetu," alisema, "mtu akioa binti mzima, na binti akavunjika mguu akichota maji ya nyumba ya mumewe, harudishwi kwao. Aliyevunjikia kwako ni wako. Kijana huyu tuliwapa mzima. Hakuvunjika akituchezea sisi, alivunjika amebeba mpira wenu. Na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Meneja akaegemea kiti. Alimtazama mdogo wangu kwa muda, kama mtu anayemwona mara ya kwanza. Akasema hajawahi kulifikiria jambo hili kwa njia hiyo. Akasema mitatu hawezi, wakubwa wake hawatakubali, lakini ikiwa goti limekaa sawa kama anavyoliona mazoezini, miwili ataipigania. Niliisikia pumzi ya mdogo wangu ikishuka.

Ingetosha hapo. Lakini katika posa upande wa pili ukilainika msemaji haachi. Anamsifu kijana wake sifa ya mwisho, ili wakwe waone wao ndio waliopata. Mjomba akasimama, akamwekea mdogo wangu mkono begani.

"Hutajuta," akamwambia meneja. "Huyu ni mvumilivu. Lifti ya jumba lao ikifa, anashuka ghorofa kumi na mbili kinyumenyume, ameshika chuma, maumivu yanamtoa jasho, kisha anakuja mazoezini kwenu na hasemi neno. Hata juzi! Na mvumilivu hula mbivu."

"Amina," shemasi akasema.

"Juzi?" meneja akauliza polepole.

"Juzi," mjomba akasema kwa fahari, "na wiki iliyopita pia."

Mdogo wangu alikuwa akitazama viatu vyake. Meneja hakuuliza zaidi. Alikunywa chai yetu, akaisifu, akasema watatupigia simu. Alitupa mkono mmoja mmoja, na mkono wa mdogo wangu aliushika kwa muda mrefu kuliko yetu sote.

Garini mjomba alikuwa na furaha ya bwana harusi. "Mlimwona alivyonyamaza?" alituuliza. "Mtu akinyamaza hivyo amekwisha kukubali, bado kuwaambia wenzake tu."

"Asante sana, mjomba," mdogo wangu akamwambia.

Simu ilikuja siku chache baadaye. Haikuwa miaka miwili, wala mmoja. Nilipiga kelele humo ndani mpaka jirani akagonga ukuta. Nilimtukana meneja, nikaitukana timu, nikafungua mdomo nimtukane na mjomba, mdogo wangu akanizuia. "Usimwambie," alisema. "Hakudanganya mahali, sista. Mimi ndio nilikuwa nadanganya." Mjomba akaambiwa nafasi zilijaa mwaka ule, akalaumu wakubwa wa timu.

Nimelifikiria sana tangu siku ile. Wenye hesabu husema timu isimfunge kamba ndefu mtu mwenye goti bovu, na kwa hesabu wako sawa. Mimi nilichokiona ni kwamba wangempa ile miaka miwili kwa uongo wetu, na kwa ukweli hawakumpa hata siku ya kupumzika. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Sisi tuliozaliwa naye tulikwenda kumsemea, na tulichoweza kumpa ni ukweli.

Akatafuta timu nyingine, ndogo, inayolipa kwa kila mechi. Safari hiyo alikwenda peke yake, akawaambia amepona. Hakuwa na siku ya kusema leo inauma, kwa sababu asiyecheza halipwi, na asiyecheza mara mbili hupata wa kumrithi. Majani yalipoanza kuanguka goti likavunjika tena, na safari hii hakuna mwanamume aliyemgusa. Aligeuka tu kwenye nyasi zenye maji. Daktari alisema atatembea. Kukimbia hakukutaja, na hatukuuliza. Leo basi la mjini likimwacha, linamwacha, halikimbilii.

Mjomba alikuja hospitali na mfuko wa machungwa. Akavuta kiti, akaushika ule mguu juu ya shuka kwa mikono miwili, akauinamia hata nikadhani analia.

"Mwanangu," akasema, "mbona hawa hukuwaambia kwamba unaumwa? Ungewaambia, wangekungoja."

Nilichukua chungwa moja mfukoni, nikaanza kulimenya.

"Ni kweli, mjomba," mdogo wangu akamjibu, akageuza uso wake ukutani.