Mashahidi wa Malka

Kaka yangu alirudi kutoka Ulaya na kovu juu ya jicho la kushoto. Mama alipouliza, alisema aliteleza kwenye barafu. Mama hakuijua barafu, kwa hiyo hakuwa na la kubisha. Mimi aliniambia ukweli tukiwa kwenye kivuko cha Garsen, nilikokuwa nafanya kazi ya kuvuta kamba. Alikuwa akitoka maktaba ya chuo, mtaa umejaa watu, vijana wakamzunguka na kumuuliza mkia wake ameuficha wapi. Alijaribu kupita. Mmoja akampasua kwa chupa, na alipoanguka wakampiga mateke ya mbavu na ya mdomo mpaka walipochoka wenyewe. Wenye maduka walisimama milangoni wakitazama. Polisi walipofika na kuuliza nani ameona, ikawa kila mtu wakati ule alikuwa amegeukia upande mwingine.

"Walioona walikuwa mtaa mzima," alisema. "Shahidi hakupatikana hata mmoja."

Naanza na kovu hilo kwa sababu bila hilo nisingeelewa alichofanya baadaye.

Alikuwa akisomea historia. Mimi niliishia madarasa ya chini ya misheni, na mengi ninayoyajua niliyapata kwenye vitabu alivyoniachia, nikivisoma kivuko kikiwa hakina abiria. Aliniambia kwamba kule maktaba ina rafu baada ya rafu za wafalme wao, lakini kuhusu mto wetu alikuta kurasa chache tu za wasafiri waliopita wakilalamikia mbu. Mwalimu wake alishikilia kwamba watu wasioandika hawana historia. Kaka alibishana naye mpaka mwalimu akakubali jambo moja: alete habari ya kitu kimoja kutoka kwa pande mbili zinazokigombania, naye ataisoma. Kazi hiyo ndiyo ingemkamilishia shahada. Bila hiyo, miaka yote ya baridi ingekuwa bure.

Akachagua malka iliyo karibu na Kulesa. Malka ni njia pana inayoachwa bila kulimwa, kutoka mbugani hadi mtoni, ili wakati wa kiangazi ng'ombe wa Waorma wafike majini bila kukanyaga mashamba yetu sisi Wapokomo. Kaka alitaka kujua iliachwa lini, na nani alikubaliana na nani.

Kosa lilikuwa neno moja. Alilichukua neno la mwalimu wake, akatafuta la Kiswahili linalolingana nalo, akapata "ushahidi". Akawaambia wazee wetu kwamba anakusanya ushahidi wa malka. Akavuka, akawaambia Waorma vilevile. Kwetu neno hilo lilikuwa na mahali pake pamoja tu, kortini. Mtu akiombwa ushahidi, basi kuna aliyeshtakiwa. Haukupita muda, wachungaji wakawa wananiuliza kivukoni nani amewashtaki, na watu wetu nao wananiuliza hilohilo.

Nilimweleza kaka. Akazunguka upya pande zote mbili akisema hii si kesi, ni historia. Mzee mmoja wa kwetu akamuuliza huyo Historia ni mkubwa kuliko DC au yuko chini yake. Watu walicheka. Hata hivyo, waliporudi nyumbani walinoa mapanga.

Mwalimu wake alikuwa amemfundisha kwamba mahali penyewe lazima paonwe. Kwa hiyo aliomba kila upande ulete wazee wawili pale malka, asubuhi. Lakini nani ataenda kwenye kesi na mashahidi wawili, asijue mwenzake analeta wangapi? Kila upande ulileta wanaume wote waliokuwa na miguu.

Mjomba alikuwa mbele ya upande wetu. Huyu ndiye aliyetulea baada ya mamba kumchukua baba akitega migono ya samaki. Mwaka ule alikuwa amepanda mahindi kwenye mdomo wa malka, katika udongo mbichi ulioachwa na mto, na mahindi yalikuwa yamefika magotini. Hakuna aliyekuwa na la kuficha kuliko yeye, na nadhani ndiyo sababu alisema kuliko wote.

Waorma walikuja na ng'ombe wao, kwa kuwa ilikuwa zamu ya kunywa na ng'ombe hawajui baraza. Mzee wao, mrefu, kilemba kimefifia, alitangulia na mwanawe aliyekuwa akiwazuia wanyama kwa fimbo. Ng'ombe walikuwa wamenusa maji. Walisukumana, wakilia, mavumbi yakitufunika.

Kaka alisimama katikati na kuuliza nani ataanza kusimulia. Hapo hapo ukawa ugomvi, maana kortini anayeanza ni mshtaki, na hakuna aliyetaka kuwa mshtakiwa.

Mzee wa Kiorma akanyoosha fimbo kwenye mahindi. "Malka hii baba zako waliiacha wazi," alimwambia mjomba. "Wewe ndiye uliyeifunga."

"Mashahidi wako ni hao?" mjomba alisema, akionyesha ng'ombe. "Waambie waape."

Wetu wakacheka. Mzee hakucheka. Alisema hao wana kiu na hawajawahi kusema uongo. Akamwashiria mwanawe, na kijana akaondoka njiani.

Ng'ombe walishuka kama mafuriko. Mahindi yalilala chini mara moja. Mjomba alipiga ukelele, akamfuata ng'ombe wa kwanza na kumkata panga mguu wa nyuma. Mnyama alianguka kwa kifua, mguu ukining'inia kwa ngozi. Kijana wa Kiorma akaja mbio. Alitupa fimbo yake, hili nililiona kwa macho yangu, akapiga magoti na kushika pembe za ng'ombe ili asijiumize zaidi. Alikuwa ameinama. Mjomba akampiga panga kati ya shingo na bega.

Baada ya hapo hapakuwa na pande. Mkuki ulipita kando ya sikio langu na kumwingia pajani mtu wa nyuma yangu. Nilipigwa rungu mgongoni nikaanguka kwenye mabua. Mapanga yaligonga fimbo, fimbo zikagonga mifupa, na mlio wa mfupa si kama wa mti, ukiusikia huusahau. Ng'ombe walikanyaga walioanguka, wa kwao na wa kwetu. Kaka alikuwa amejilaza juu ya yule kijana, akibonyeza jeraha kwa shati lake, na watu wa pande zote mbili walimpiga, kila upande ukidhani anaulinda mwingine. Mkono wake wa kulia ulivunjika mara mbili. Hakutoka. Damu ya kijana ilikuwa ikimrukia usoni kila moyo ulipopiga, mpaka ikaacha.

Kijana tulimpakia kwenye mtumbwi kumpeleka hospitali ya Ngao, ingawa alikuwa amekwisha kufa. Mzee wa Kiorma alikaa ameshika kichwa cha mwanawe njia nzima.

Askari walipokuja, upande wetu ulikuwa umeshapatana maneno. Kijana alitangulia kumrushia mjomba mkuki, mjomba akajikinga. Wote walisema hivyo, kwa mpangilio uleule. Mimi nilisema nilikuwa nimeanguka kifudifudi, sikuona. Waorma walisema walivyoona, lakini wao walikuwa ndugu wa marehemu, na maneno yao yalipimwa hivyo.

Alibaki kaka. Meli ya kumrudisha ingeng'oa nanga Mombasa kabla ya siku ya kesi, na hakuna aliyemzuia kuipanda. Angeondoka tu, mjomba angerudi nyumbani. Akibaki na kusema, mjomba angeweza kunyongwa. Mama alimfungia nguo zake mwenyewe na kuweka mzigo mlangoni.

"Mwanangu, meli haikungoji," alimwambia. "Nenda ukasome."

"Nitasoma nini, mama?" alijibu. Mama akakaa chini karibu na mzigo.

Meli ikaondoka. Kaka akaenda kortini, mkono umefungwa vibao. Hakimu alipomuuliza aliona nini, alieleza kila kitu kama nilivyokieleza hapa: ng'ombe, fimbo iliyotupwa, magoti, panga. Wakili wa mjomba akamuuliza haoni haya, huyu si ndiye aliyemlea? Akasema ndiye. Mjomba alimtazama muda wote. Hakunyongwa, kwa sababu hakimu alikubali kwamba mahindi yalimtia hasira ya ghafla. Alifungwa miaka mingi.

Kaka alipoondoka kurudi chuoni, watu wetu walimsubiri kivukoni. Walikuwa wanaume tuliokua nao. Walimpiga kwa makasia na kwa ngumi, wakiulenga mkono ule mbovu, wakimwita shahidi, shahidi, kama tusi. Safari hii sikugeukia upande mwingine. Nilimkumbatia kwa nyuma nikamburuta mpaka kwenye pantoni, nikapigwa naye, nikavuta kamba huku damu ya pua ikinidondokea kwenye vidole. Tulipofika ng'ambo alinishukuru kwa Kipokomo. Hajavuka tena kurudi.

Shahada alikuja kuipata, mwaka mmoja baada ya wenzake. Kuhusu malka hakuandika hata mstari. Aliandika juu ya wafuma sufu wa mji fulani wa huko, waliokufa zamani na wasiomhusu. Aliniambia kwa barua kwamba mtu aliyekwisha kusimama kortini hawezi tena kuandika kama vile hakuwepo.

Mjomba alitoka jela mvi zimemjaa. Asubuhi yake ya kwanza alikwenda malka na jembe. Mama alinituma nimfuate. Nilimkuta akipanda miti ya mpaka, mmoja mmoja, nje kabisa ya njia ya ng'ombe. Alifanya kazi mpaka jua likawa kali, akaja kukaa kivulini kwangu.

"Yule shahidi yuko wapi?" aliuliza.

Nikamwambia bado yuko Ulaya.

"Mwandikie kwamba malka iko wazi."

Nilimwandikia hivyohivyo, bila kuongeza neno. Barua yake iliyofuata ilizungumzia baridi tu.