Nusu ya Uso wa Kaka

Mchezo ule una watu ishirini na wawili, na nyuso kumi na saba kati yao zilipita mikononi mwake. Kazini wanamwita Fundi Nyuso, na hawamtanii. Ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa. Alisomea sanaa chuoni, na kabla ya kuajiriwa na studio ya michezo ya kompyuta alichora mabango ya maduka kwa miaka sita. Meza yake iko karibu na dirisha lililozibwa kwa karatasi nyeusi, kwa kuwa mwanga wa jua hudanganya rangi ya ngozi.

Wachezaji wa siku hizi hawasamehi. Husimamisha mchezo, husogeza picha mpaka puani, kisha huuliza mtandaoni kwa nini bibi wa miaka sabini ana shavu la mtoto aliyetoka kuogeshwa. Kwa hiyo kazi ya Fundi Nyuso ni mambo ambayo watu wengi hawajui kuwa wanayaona: vitundu vya ngozi penye bawa la pua, unyevu kwenye kona ya jicho, mpasuko mdogo wa mdomo uliokauka.

Uso huanza na nusu. Mchongaji hutengeneza upande mmoja, kisha programu huunakili upande wa pili, kama mtu na taswira yake kwenye kioo. Amri yenyewe wanaiita hivyo, kioo. Huokoa siku nyingi. Lakini mwishoni pande mbili lazima zitofautishwe kwa mkono, maana hakuna binadamu ambaye pande zake zinalingana. Waajiriwa wapya wote wa studio walilisikia hilo kutoka kwake. "Ukiuacha uso kwenye kioo," huwaambia, "umetengeneza sanamu ya kuvalishwa nguo dukani."

Mchezo wenyewe ni wa mji uliobomolewa na mafuriko, na mchezaji anaujenga upya. Katika safari hiyo hukutana mara tisa na fundi wa kuchomelea vyuma anayetengeneza daraja. Kila wanapokutana, fundi huinua ngao yake ya uso na sura yake hujaa skrini nzima. Mkuu wa studio hakutaka mwigizaji. Alitaka fundi wa kweli, mwenye mikono na uso wa kazi.

"Nani anamjua fundi?" aliuliza kikaoni.

"Mimi ninaye nyumbani," akajibu Fundi Nyuso.

Kaka yake amemzidi miaka minne. Anatengeneza mageti na grili za madirisha. Miaka kumi na moja iliyopita mpira wa gesi ulipasuka karibu na kichwa chake, na moto ukapita upande wa kushoto wa uso, kutoka kwenye paji hadi shingoni. Karakana ilimpa jina la Nusu Mwezi kabla bandeji hazijatoka, naye akaliitikia. Nyumbani hakuna aliyempa jina lolote. Mama yao, bila kutangaza, alianzisha utaratibu wake: siku ya kupiga picha kaka huwekwa mwisho wa mstari, ili shavu zima ndilo lielekee kamera. "Wewe mrefu, kaa pale pembeni," mama alisema. Hakuwa mrefu kuliko wengine. Baada ya mwaka wa pili hakungoja kuambiwa.

Siku ya kupigwa picha studio alifika amevaa shati lililonyooshwa, ndevu zimepunguzwa kwa uangalifu. Chumba kilikuwa na kiti kimoja katikati na kamera sitini zimekizunguka kama ukuta.

"Nikae upande gani?" alimuuliza mpiga picha.

"Upande upi tena, mzee? Kamera zipo mpaka kwenye kisogo."

"Kumbe leo hakuna pa kukimbilia!"

Walicheka wote. Alikaa saa tatu. Walimwambia akasirike, akasirika. Walimwambia ajaze mashavu upepo, akajaza, na la kushoto likagoma kama kawaida yake. Alipoambiwa atabasamu, hakujua aache wapi. Mpiga picha alimwambia inatosha, naye akaendelea. Kwenye korido, akifunga vifungo vya mikono, alimuuliza mdogo wake:

"Itaonekana yote?"

"Yote, kaka."

"Haya. Maana nimeshawaambia wale wahuni wa karakana."

Picha elfu nne zilimfikia mezani wiki ile ile. Alianza na upande wa kulia, kama ilivyo desturi. Ulimchukua siku kumi na mbili. Kisha akafungua picha za kushoto, akazifunga, akaenda kunywa maji.

Hakuna aliyemlazimisha. Ratiba ilimpa wiki mbili za kuufanyia kazi upande ule, na mkuu wa studio alikuwa akiungoja kwa hamu. Hata hivyo alipopita mezani na kuuliza kushoto kunaendeleaje, Fundi Nyuso alisema picha za upande ule zimetoka na mawimbi, hazitumiki. Zilikuwa safi kabisa. Mkuu alipoondoka, akabonyeza kioo.

Kaka yake wa miaka kumi na moja iliyopita akatokea kwenye skrini. Nyusi mbili, masikio mawili, mdomo unaofunguka sawasawa. Fundi Nyuso alikwenda msalani akalia, akarudi amenawa uso, akaanza kutofautisha pande kwa mkono: nyusi moja juu kidogo, mkunjo mmoja zaidi chini ya jicho. Aliamini anampa zawadi. Wenzake walisema ndio uso bora uliowahi kutoka katika chumba kile, na walisema kweli. Alitia saini fomu ya kukamilisha kazi. Kwa taratibu za studio, uso ukishatiwa saini picha zake za awali hufutwa, maana hujaza mitambo. Akaweka alama ya kukubali zifutwe.

Mchezo ulitoka baada ya miezi saba. Jumapili ya kwanza kaka alialika watu sebuleni kwake: mafundi watatu wa karakana, na mdogo wake. Mkewe alipanga viti. Binti yao wa miaka kumi na saba ndiye aliyeshika padi ya kuchezea.

"Twende darajani moja kwa moja," akaamuru mpaka rangi wa karakana, mtu wa maneno mengi. "Hatukuja kuona mafuriko. Mafuriko tunayo wenyewe bomba likipasuka."

Mchezaji akafika darajani. Cheche zikaruka. Fundi akazima mashine yake, akainua ngao.

Fundi yule akamaliza sentensi yake ya kwanza.

"Huyu nani?" akauliza mpaka rangi. "Mdogo wako wa kiume?"

"Acha bwana. Nusu Mwezi amekuwa mwezi mpevu!" akasema wa pili, na wakacheka wawili, wa tatu akawatazama wakaacha.

"Baba, huyu siye wewe," binti akasema.

"Mzungushe tuone upande wa pili," akasema baba yake.

Binti akazungusha. Shavu la kushoto likaja kwenye mwanga, laini, na vitundu vyake vyote mahali pake. Kaka alilitazama kwa muda ambao mtu hutumia kusoma barua fupi mara mbili.

"Kijana mzuri," akasema. "Chai inapoa, jamani."

Aliwasindikiza wageni mmoja mmoja. Alipofika kwa mdogo wake, mlangoni, alisema kwa sauti ile ile aliyowaagia wengine: "Pale studio nilikuuliza. Ukasema yote."

Fundi Nyuso hakulala vizuri wiki ile, lakini si mtu wa kukaa na kosa mikononi. Mchezo ulikuwa na toleo la masahihisho la kutoka mwisho wa mwezi. Alikuwa na siku ishirini na mbili. Alimwambia kaka yake kwa simu kwamba ataurekebisha ule uso. Kaka akasema, "Sawa, nitaangalia."

Kwanza alitafuta picha za studio. Zilikuwa zimefutwa, kwa saini yake. Akageukia albamu za mama na simu za ndugu: harusi mbili, mahafali, mazishi ya baba, sherehe ya binti kumaliza shule ya msingi. Miaka kumi na moja, na kaka yuko kwenye picha sitini na moja. Katika zote ameelekeza shavu la kulia.

Akaamua kuchonga kutoka kichwani. Yeye ambaye anaweza kuchora sikio la mtu aliyekaa naye kwenye basi mara moja tu, alikaa mbele ya skrini na hakuwa na kitu. Kovu linafika kwenye nyusi au linaishia chini yake? Jicho linafumba lote? Pembe ya mdomo inavutwa juu au nyuma? Alikuwa amekula naye meza moja mara mamia. Alitambua kwamba kwa miaka yote hiyo amekuwa akizungumza na shavu la kulia, na likimgeukia la kushoto, huangalia sahani.

Akampigia mke wa kaka.

"Wifi, naomba unisaidie. Nyusi yake ya kushoto ikoje?"

"Imebaki nusu. Ile ya ndani, karibu na pua. Ya nje hakuna."

"Na chini ya jicho?"

"Ngozi imekaza, inang'aa. Halafu inashuka mikunjo mitatu, wa katikati mrefu, unafika kwenye taya. Sikio limejikunja kwa juu. Nyuma ya sikio kuna mahali padogo moto haukugusa, pamebaki laini kama zamani. Jicho halifumbi lote akilala. Siku za mwanzo nilikuwa nadhani yuko macho. Namsimulia habari za jirani, kumbe mwenzangu anakoroma."

Fundi Nyuso aliandika kila neno.

"Lakini wifi, mbona unaniuliza mimi? Mwenye uso si yupo?"

"Naona aibu."

"Ya kumwomba, au ya kumwangalia?"

Kesho yake alikwenda karakana na kamera begani. Kaka alikuwa akisugua viungo vya grili kwa grainda. Aliizima alipomwona.

"Nimekuja kuomba tupige tena, kaka. Hapa hapa, dakika kumi tu."

"Hapana."

"Nitafanya vizuri safari hii."

"Najua utafanya vizuri. Mikono yako naijua." Alifuta vumbi la chuma kwenye kope. "Lakini siku ile nilijiandaa wiki nzima. Nilimwambia mke wangu, safari hii nakaa katikati. Siwezi kujiandaa mara mbili, mdogo wangu."

"Basi niruhusu nikutazame tu."

"Kutazama kuna kibali? Tazama."

Akawasha grainda, akaendelea na kazi. Fundi Nyuso alivuta ndoo ya rangi akaketi upande wa kushoto. Alitazama saa nzima bila kuchora. Mpaka rangi alipita nyuma yake akasema, "Shemeji, ungelipa kiingilio." Mikunjo ilikuwa mitatu kweli. Lakini kaka alipokaza macho kwenye kiungo, wa katikati ulikatika mara mbili, na hilo hata wifi hakulisema.

Alimaliza uso kwa siku kumi na tano. Alipoupeleka kwa mkuu wa studio, ilimbidi aeleze kwanza kwamba picha za kushoto hazikuwahi kuwa na mawimbi. Mkuu alimsikiliza, akauzungusha uso mpya kwenye skrini mara kadhaa.

"Huu ndio niliokuwa nautaka," akasema. "Kwa nini unaniletea sasa?"

"Toleo la masahihisho halijatoka."

"Halijatoka, ndiyo. Lakini yule mwingine yuko kwenye matangazo yote. Wachezaji wanamchora, wamebandika sura yake vyumbani. Nikimtoa leo watauliza nani amemuunguza fundi wao, nami nitajibu nini? Ungeniambia kabla mchezo haujatoka. Wakati ule ningekushika mkono."

Hakugomba. Alijua angejibu vivyo hivyo kama angekuwa yeye kwenye kiti kile. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika, na aliyemwaga ni yeye, kwa makusudi, akidhani anaosha.

Hakumpigia kaka simu. Aliuchapisha uso ule kwenye karatasi nene, ukubwa wa kichwa halisi, akaupeleka karakana siku ambayo toleo jipya lilitoka. Kaka alikuwa amekwisha kujua. Binti alikuwa amelipakua kabla ya kwenda shule.

"Wamekataa," alisema Fundi Nyuso. "Si wao. Ni mimi, nilichelewa."

Kaka alivua glovu, akaipokea karatasi kwa ncha za vidole ili asiichafue. Aliisogeza kwenye mwanga wa mlango. Alichunguza nyusi, akashuka na mkunjo wa katikati, akafika kwenye sikio.

"Hapa umenionea huruma kidogo. Limejikunja zaidi."

"Nitalirekebisha."

"La nini? Hakuna wa kuliona." Aliitazama tena, akamrudishia. "Kaa nayo wewe. Mimi uso huu ninao. Ulikuwa huna wewe."

Kisha akavaa glovu na ngao, akamwashiria kwa mkono asogee nyuma, cheche zisimfikie.