Kanisa la Chokaa

Siku ya kwanza nilipoingia ofisini, Mchoraji Mkuu hakuniuliza hata jina. Alinipa kalamu ya chuma yenye midomo miwili, akatia tone la wino katikati yake, akaniambia, "Chora mstari. Ukimaliza, chora mwingine." Nikachora mpaka nikasikia adhana ya adhuhuri. Alikuwa Singasinga wa makamo, kilemba cheupe pe, ndevu amezifunga kwa wavu, na jicho lake halikupitwa na kitu. Mstari ukivimba kidogo katikati, anauonyesha kwa kidole: "Huu una mimba. Tupa." Nilitupa karatasi siku nzima. Jioni akaniuliza jina. Nikamwambia, Bakari. Akasema, "Kesho uje mapema, Bakari." Basi, nikawa nimeajiriwa.

Nyinyi mnaobonyeza kitufe mstari ukajichora wenyewe, najua mnacheka. Haya, chekeni. Miaka ile ya hamsini, hapa Tanga, jumba zima lilipita kwanza mikononi mwa mtu. Tulichora kwa wino juu ya kitambaa chembamba kilichotiwa wanga hata kikang'aa kama kioo. Tone moja la jasho likidondoka linaacha doa lisilotoka maisha, na Tanga hii mnaijua joto lake! Tuliweka taulo chini ya kiganja, tukapumua kwa adabu. Nakala tulizitoa kwa jua. Kitambaa juu, karatasi yenye dawa chini, vyote tunavibana kwenye fremu ya kioo na kuvianika dirishani, halafu karatasi tunaiosha kwa maji. Hapo mistari inajitokeza myeupe juu ya buluu. Mara ya kwanza kuona vile nilisema Subhana Llah kwa sauti, ofisi nzima ikageuka kunitazama.

Mwenye ofisi tulimwita Bwana Msanifu. Alikuwa Mzungu mrefu, mwembamba, aliyekuja pwani baada ya vita. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza lakini hakuona haya kukisema. Kazi zetu nyingi zilikuwa za watu waliotoka mbali: Wagiriki wa mashamba ya mkonge, Wahindi wa maduka, Wagoa, Wakristo kutoka Goa kule Bara Hindi, waliokuwa makarani wa reli na bandari. Kila mmoja alikuja na kwao kichwani. Mgiriki anataka varanda kama ya babake, Mhindi anataka roshani ya mbao iliyochongwa, Mgoa anataka kanisa. Bwana Msanifu aliwasikiliza, hakukata neno la mtu, halafu anakaa na penseli. Mimi nilikuwa nikisimama nyuma yake nikaona nyumba ya watu nisiowajua inatoka kwenye ncha ya penseli, nikashikwa na kicho. Hata leo nikikumbuka, kicho kile hakijanitoka.

Mama yangu, hapa Makorora, alipopata habari kwamba nachora makanisa, alishika kichwa. "Bakari mwanangu, kazi zote Tanga zimekwisha?" Nikamwambia, mama, nachora kuta na milango, sala ni zao wenyewe. Akanipakulia wali. "Haya. Lakini kibla chako usikisahau." Sikukisahau, na hakuna aliyenitaka nikisahau.

Sasa niwaeleze kanisa moja tu kati ya mengi. Nje kidogo ya mji, upande wa barabara iendayo Horohoro, palikuwa na Wagoa waliokuwa mbali na kanisa kubwa la mjini. Miaka na miaka walisali katika ghala la mkonge. Jumapili wanasukuma marobota ukutani, wanapanga viti, Padri anasoma misa, na vumbi la nyuzi linawapalia watu wazima kwa watoto. Hatimaye wakapata kiwanja, wakaja kwetu.

Kamati yao ilikuwa chini ya Bwana Sabino, karani mkuu wa ghala, mtu wa suti nyeupe na maneno mengi. Na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Nusu yao walitaka minara miwili, kama kwao Goa. Nusu walitaka mmoja. Wakabishana masika, wakabishana kiangazi. Ramani ile niliichora nikaifuta mpaka nikaiota. Siku moja Bwana Msanifu akaweka penseli chini. "Hawa wanagombania picha," alisema. "Twende tukawawekee kanisa miguuni."

Huo ulikuwa mtindo wake. Alitupeleka kiwanjani na kamba, vigingi na madebe ya chokaa, tukaichora ramani nzima juu ya ardhi kwa ukubwa wake wa kweli. Pembe iliyo sawa tuliipata kwa kamba yenye mafundo: upande mmoja nafasi tatu, wa pili nne, wa tatu tano. Ukiivuta ikakazika, pembe haisemi uongo. Kisha unanyunyiza chokaa kufuata kamba. Ukuta ni mstari, mlango ni pengo.

Jumapili wakaja wote, wanaume kwa wanawake na watoto. Na hapa, wallahi, niliona jambo. Walifika wakipiga kelele kama watu wa sokoni. Walipopita lile pengo la mlango, sauti zikashuka zenyewe. Hakuna aliyewaambia. Uwanja mtupu, jua juu, na watu wazima wananong'ona! Hakuna aliyevuka mstari. Waliokuwa wakigombana kuhusu minara walizunguka mpaka mlangoni ndipo watoke. Mbuzi mmoja akapita ukutani akasimama madhabahuni, wanawake wakamfukuza, "Toka kanisani, we mwanahizaya!" Mimi mwenyewe nilipoitwa ndani kushika kamba nilivua makubadhi mlangoni, kwa mazoea tu.

"Kwetu tunaingia na viatu, mwanangu," sauti ikasema nyuma yangu, ikicheka.

Alikuwa Mama Filomena. Mshonaji. Hakuna bibi arusi wa Kigoa mji huu ambaye hakuvaa gauni la mkono wake. Alikuwa mgonjwa wa kifua, amekonda, ameletwa na kiti chake mikononi mwa vijana wawili. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba. Wewe ndiye uliyechora? Nipeleke mbele." Tukamwingiza mlangoni, tukampeleka polepole hadi karibu na madhabahu. Akakaa. Akatazama kuta ambazo hazikuwapo, juu mpaka chini, kama anayekagua pindo. Kisha akamwita Bwana Sabino.

"Sabino, minara si kazi yangu. Jenga hata kumi. Mimi niliolewa ghalani. Wanangu walibatizwa ghalani. Mume wangu alitolewa ghalani, amelala kati ya marobota kama mzigo unaongoja meli. Mimi sitaki. Mimi nitatolewa hapa. Niahidi mbele ya watu."

Bwana Sabino akavua kofia. "Nakuahidi, mama. Hapa hapa."

Siku ile ile kamati ilikubaliana mnara mmoja. Nadhani waliona aibu kuendelea.

Lakini ahadi ni deni, na mvua haina habari na madeni ya watu. Masika yalikuja kabla ya msingi kuchimbwa. Saruji ikakwama, kiwanja kikawa tope, mafundi wakarudi makwao kungoja. Na Mama Filomena hakuweza kungoja. Asubuhi moja nilifika ofisini nikamkuta Bwana Sabino amekaa kwenye kiti cha wageni, suti imelowa. Padri alikuwa amesimama kando yake, na Bwana Msanifu yuko mezani.

"Amefariki alfajiri," Padri alisema. "Mazishi ni leo alasiri."

"Tutamwombea ghalani," Bwana Sabino akasema, hamwangalii mtu usoni. "Nitafanyaje? Hakuna kanisa. Hata msingi hakuna. Watu watatucheka, maiti kuwekwa uwanjani kama hana kwao!"

"Uliahidi," Padri akamwambia. Hakumkaripia. Alilisema tu.

"Najua niliahidi!" Mzee wa watu akaanza kulia. Mtu mzima, mkubwa wa kamati, analia mbele ya makarani. Mimi pia nilimsikia siku ile, na nilikuwa nimeshika kiti cha marehemu.

Aliyesema alikuwa Mchoraji Mkuu, wala hakuinua macho kwenye kazi yake.

"Chokaa iko stoo."

Padri alimtazama, akamtazama Bwana Sabino, kisha akasema, "Mimi nitavaa mavazi yangu. Panapowekwa madhabahu, nitasimama."

Mvua ilikatika saa hiyo hiyo. Tukaenda kiwanjani, Singasinga na mimi, mbio. Mistari yote ya zamani ilikuwa imezolewa na maji, haikubaki hata alama. Vigingi vingine viling'olewa na watoto. Tulianza upya kwenye tope, yeye ameshika ncha ya kamba, mimi nimeshika nyingine, tatu, nne, tano. Chokaa ilinyonya maji ikafifia, tukarudia juu yake, tukarudia tena. Sijapata kuogopa kazi kama siku ile. Kwenye kitambaa ukikosea unakwangua kwa wembe. Pale, jeneza lilikuwa njiani, na kama mlango ungekaa kombo ningejua mimi na Mungu wangu. Padri alipofika, nilimuuliza maiti wao analazwa wapi, maana kwetu ni vingine. Akanionyesha, mbele ya madhabahu, katikati. Nikapima mara tatu. Mchoraji Mkuu akaja akapima ya nne, akaitikia kwa kichwa: sawa. Kilemba chake kilikuwa kimejaa tope.

Wakaja. Kimya. Bwana Sabino alikuwa mbele ya jeneza, na mwendo wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kuaibishwa. Alipofika kwenye pengo la mlango akasimama. Pande zote palikuwa wazi, wangeweza kupita popote. Akavua kofia. Akawageukia wabebaji, akawaambia kwa sauti ya chini, "Polepole. Mlango huo."

Wakajipanga wakapita mlangoni. Watu wote nyuma yao, mmoja mmoja, mlangoni. Wenye mji waliokuja kutazama, Waswahili wa jirani, wapita njia, hata waliosimama nje ya mstari walinyamaza. Wakamlaza pale nilipopima. Padri akasoma, wakaimba, na mimi nilisimama nje ya ukuta wangu wa chokaa. Nikasema moyoni, Ewe Mola, hivi hivi ndivyo nyumba inavyokuwa nyumba? Kisha wakambeba, wakamtoa kwa mlango ule ule. Bwana Sabino alipita karibu yangu. Alinishika bega tu, hakusema kitu, na yeye hakuwa mtu wa kukosa neno.

Nimestaafu siku nyingi sasa. Nilifanya kazi na wakubwa wengine, Moshi, Mombasa, kisha serikalini baada ya uhuru, mpaka mkono ukaanza kutetemeka. Siku hizi hata chai naimwaga. Vijana wanaosomea kazi hii hunijia hapa nyumbani, shikamoo babu, halafu swali lao ni lile lile: jengo gani kubwa kuliko yote uliyowahi kuyachora? Wanadhani nitataja benki, au lile jumba la ghorofa la bandarini. Kanisa la mawe nalo lilijengwa, na mnara wake mmoja, na ni zuri, nendeni mkalione. Lakini lililonitetemesha mimi ni lile la chokaa, na lilidumu mchana mmoja tu. Maghribi ile mvua ilirudi. Mimi na Mchoraji Mkuu tulijibanza chini ya turubali, tukalitazama likifutika, ukuta mmoja baada ya mwingine, wala hatukusikitika. Mama Filomena alikuwa ameshapita mlangoni.