Mwezi wa Asubuhi wa Bi Sarla

Sarla Bhargava wa Brampton alikuwa na wakubwa wawili duniani: mumewe Omkar na chaneli ya Kihindi ya wanawake. Wawili hao wakipingana, anayenyamazishwa ni mume. Chaneli ikisema manjano yanaondoa makunyanzi, nyumba nzima inageuka njano.

Siku ya mfungo wa Karva, mke hatii kitu kinywani, hata tone la maji, mpaka autazame mwezi kupitia chekeche, kisha uso wa mumewe, ili mume aishi miaka mingi. Mwaka jana mkaza mwana wake, Ketaki, ambaye ni muuguzi, alizidiwa na kiu akanywa maji kazini. Sarla akawatangazia akina mama wote wa hekaluni, na tangu hapo Ketaki hakutia mguu huko. Ulikuwa ukatili mtupu, ila Sarla aliuita malezi.

Mwaka huu kiu ikamkaba yeye, tena asubuhi ya saa nne. Mara chaneli ikarusha mbashara kutoka Delhi, ng'ambo ya bahari, ambako usiku ulikwisha ingia, mwezi mkubwa ukipanda juu ya mapaa.

"Baba Manish! Njoo upesi, mwezi umetoka!"

Omkar akaja na pajama, mswaki mdomoni. "Mwezi gani na jua hilo dirishani?"

"Kwani iko miwili? Simama hapo, acha ubishi!"

Akaelekeza chekeche kwenye televisheni, kisha kwa mumewe mwenye povu kidevuni. Akanywa maji, akala chapati za viazi hadi akacheua. Angeishia hapo, siri ingebaki ndani. Lakini mpenda sifa hatosheki. Akapiga simu kwenye kipindi.

"Mimi Sarla wa Brampton. Nimeshafungua, wa kwanza mji mzima!"

Mtangazaji, aliyekuwa studio ya mjini hapohapo, akasema, "Hongera, mama. Lakini hapa kwetu Brampton si bado asubuhi?"

Sarla akakata simu. Kila mama wa hekaluni alikuwa mbele ya chaneli hiyohiyo. Simu ikaanza kulia, hakuigusa. Hofu yake kubwa ilikuwa mlango, maana Ketaki alikuwa njiani kurudi nyumbani kutoka zamu ya usiku. Leo ndiyo leo, atalipwa aliyoyatenda.

Ketaki aliingia midomo imemkauka kwa mfungo. Wenzake waliokitazama kipindi walikwisha mpigia. Akaitazama sahani, akavuta kiti.

"Mama, eti mwezi umetoka?"

"Umetoka."

"Wa Delhi?"

"Mwezi ni mmoja, mwanangu," Sarla akasema kwa sauti ya chini.

"Basi na mimi nipe chapati. Halafu jioni twende wote hekaluni, ukawaambie akina mama hivyohivyo, mimi nikiwa pembeni yako."

"Jamani," Omkar akauliza, "sasa mimi uhai wangu unahesabiwa kwa saa za wapi?"

Sarla aliinuka kuwasha jiko, akiona aibu mpaka masikioni, na kwa mara ya kwanza tangu amwoze mwanawe Manish, akamuuliza Ketaki anataka chapati ngapi.