Foromali Mlangoni

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, pale kwetu Munje, mti mrefu wa mvinje ulilala mbele ya mlango wetu karibu miezi mitatu. Ulikuwa wa foromali, ule mti unaobeba tanga. Baba alikuwa akiuchonga kwa tezo kwa ajili ya ngalawa aliyojiundia mwenyewe, maana hoteli ya Diani alikokuwa mtunza bustani ilikuwa imepunguza watu. Kapi za kupitishia kamba alikwisha kuzichonga kwa mkwaju na kuzisugua kwa ngozi ya papa. Foromali ndiyo iliyomtoa jasho. Aliichongea mbele ya nyumba, ambako wapita njia walisimama kumsifu, na baba hakuchukia kusifiwa.

Bibi, mama yake baba, alitupa mwiko: mwanamke asiiruke, la sivyo itavunjika siku ya kwanza. Wanaume walipita juu yake watakavyo. Sisi wa kike tulizunguka nyumba nzima ndipo tufike jikoni. Kwangu ulikuwa mchezo. Mama alirudi kutoka kisimani mara nne kwa siku, mtungi wa lita ishirini kichwani, na kila mara alizunguka.

Alasiri moja nilimwona amesimama mbele ya mti ule. Alitazama huku, akatazama kule, kisha akainua mguu akapita. Alipogeuka, akaniona. Hakuniambia nisiseme.

"Nimechoka, mwanangu," alisema tu, akaingia jikoni.

Siku baba alipotweka tanga kwa mara ya kwanza, foromali ilikatika katikati. Alirudi nayo begani, vipande viwili. Bibi hakuuliza habari za upepo.

"Nani aliiruka?"

Alikuwa akimtazama mama. Mama alikuwa Mduruma wa Kinango, na bibi hakuacha kusema kwamba watu wa bara huleta mikosi baharini. Nilijua mama akipatikana na kosa atafungishwa virago. Nikasogea mbele ya bibi.

"Mimi, bibi."

Kwa mtoto dawa ilikuwa nyepesi: arudi alikotokea. Vipande vikaunganishwa mchangani, nikaviruka kurudi, bibi akinisomea dua. Mama alisimama mlangoni akilia, na bibi akadhani ananihurumia mimi. Baba aliinama akalitazama fundo jeusi pale mti ulipokatikia. Ni yeye aliyeuchonga, hakosi alikuwa amelijua. Akalifunika kwa kiganja.

Wiki iliyofuata alileta mti mwingine. Huu hakuulaza mlangoni. Aliupeleka nyuma ya nyumba, chini ya mkorosho, kando ya njia za watu, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Kwa miaka mingi nilijivunia uongo wangu, nikijiona nimemwokoa mama. Sasa nina nyumba yangu na mitungi yangu, na kiuno kikiniuma jioni huwaza jambo jingine. Kama foromali ilivunjwa na mguu wa mama au na lile fundo, sijui, na nimechoka kuuliza. Kinachoniuma ni kile kivuli cha mkorosho. Kilikuwepo siku zote, hatua chache tu, na sisi sote, mimi nikiwamo, tulikaa tukimtazama mama akizunguka.