Mashimo Sita ya Utupa

Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri niliondoka kijijini kwetu Ruanda, mlimani, nikiwa na mambo mawili kichwani.

La kwanza lilitoka kwenye jumuiya yetu ya sala. Nilikuwa nimewaeleza wenzangu kuwa nchi yetu, pamoja na nchi nyingine za Afrika, imesaini mkataba wa kukataa silaha za nyuklia, ingawa mkoa wetu una urani ardhini. Jirani yangu, Mama Kapinga, akacheka: "Umekataa bomu ambalo huna? Basi na mimi nimekataa ndege."

La pili lilimhusu shemeji yangu Anselmi, mvuvi wa Lundo, kando ya ziwa. Vijiji vya kule vimekubaliana kuacha kuvua kwa utupa, mmea ambao majani yake yakitwangwa na kumwagwa majini huua samaki wote, hadi vifaranga. Siku hiyo wakaguzi wangepita shambani kwake, na mwenye kutiliwa shaka havui mwezi mzima. Alikuwa na miti sita ya utupa, ya kukinga mahindi ghalani dhidi ya wadudu. Jana yake nilimshauri kwa simu: "Ing'oe yote, uchome."

Mbinga, saa moja na nusu, nilipanda basi dogo la Mbamba Bay. Barabara iliteremka, kahawa ikaisha, joto likaanza.

Lundo nilifika kwa bodaboda saa tano. Wakaguzi walikuwa wanawake wawili wa kijiji jirani. Kwa desturi yao, mwenye shamba hutembea nyuma. Mkubwa wao, Bibi Skola, alisimama kwenye mashimo sita mabichi.

"Anselmi, majani yako wapi?"

"Nimechoma, Mama. Majivu yale pale."

"Majivu yana jina? Nitajuaje majani hayakwenda ziwani? Ungeiacha miti, ningehesabu sita, nikaangalia ghala lako, nikaenda zangu kunywa chai."

"Shemeji ndiye aliyenishauri. Anasoma sana."

Nikamwamkia. "Marahaba, baba," akasema. "Huko mlimani mnasoma tu, hamkaguliwi?"

Wakanong'onezana kidogo. Hukumu ikawa mwezi mmoja bila kuvua.

Nilirudi Ruanda jioni, nikampa Mama Kapinga jibu lake. Aliyekataa silaha hajulikani kwa mikono mitupu, maana hata aliyeficha silaha huonyesha mikono hiyo. Hujulikana kwa kumwacha jirani aingie, ahesabu alichonacho na aone kinafanya kazi gani. Urani yetu nayo itahesabiwa hivyo.

"Sasa hilo ungelisema tangu mwanzo," akanijibu.

Mwezi ulipokwisha, Anselmi alinipigia simu kunitajia thamani ya usipa, dagaa wa kule, ambao hakuvua: shilingi laki moja na elfu themanini.