Hita Inayozima Mama Akioga

Ukweli usemwe: mama nilimnunulia hita kwa sababu ya wivu. Dada yangu mdogo wa Gilgil alikuwa ameweka hita ya gesi kwake, mama akakaa huko msimu mzima wa baridi, na kila nikipiga simu ninachosikia ni maji ya moto, maji ya moto. Mimi ndiye kifungua mimba. Nyumba yangu hapa Nakuru ni kubwa kuliko yake. Kwa hivyo Juni iliyofuata nikanunua hita, nikamchukua mama, nikamwambia baridi ya mwaka huu ataimalizia kwangu.

Siku ya kwanza akaingia bafuni, akafunga mlango, nikasikia hita ikiwaka. Kabla sijafika jikoni ikazima. Ikawaka tena, ikazima tena. Mama akatoka anatetemeka ndani ya leso, akasema kwa upole, "Kwa mdogo wako haizimi."

Afadhali angenitukana.

Nikaita fundi. Akabadilisha betri, akapima gesi, akafungua chujio la maji akalikuta safi. Akafungua mfereji wa bafu wote, na maji yakatoka ya moto mpaka kioo kikajaa mvuke. "Mathe, hii kitu iko sawa," akaniambia. Kesho yake mama akaingia kuoga, ikazima. Fundi akarudi, akaeleza kwamba hita ya aina hii haiwaki bila maji yenye nguvu, labda tangi liko chini mno. Tukajenga stendi ndefu, tangi likapandishwa hadi majirani wakaanza kuuliza kama nafungua hoteli. Mama akaingia. Ikazima. Fundi naye sasa alikuwa ananitazama kwa huruma, na huruma ya fundi sikuwa nimeiagiza.

Jumatano mama akaniambia, "Jumamosi nipeleke Gilgil. Haya magoti hayawezi maji baridi." Nikamjibu sawa, nikatoka, nikajifungia kwenye gari nikalia. Sikulilia magoti yake, Mungu anisamehe. Nililia kwa sababu angeondoka, na safari hii asingerudi, na ukoo wote ungejua ni kwa nani mama alishindwa kukaa.

Ijumaa nikaenda Gilgil bila kumwambia mama. Nilitaka kuiona hiyo hita kwa macho yangu. Njiani nilishajiandaa kukuta mtambo wa maana, na nikaapa nikifika mjini nitanunua kama huo au mkubwa zaidi. Nikakuta kikasha kidogo kilichoshika kutu ukutani, na tangi lake liko chini hata kuliko langu lilivyokuwa mwanzo. Mdogo wangu akatoka na unga mikononi. Nikamuuliza, bila hata salamu, anafanyaje isizime.

"Si ni mama anafungua maji kama uzi," akasema. "Kwani umesahau tulivyochota maji mtoni kule Kabazi tukiwa watoto? Ukimwaga kikombe kimoja ni kofi. Hita haiwezi kuendelea kuwaka na maji ya uzi. Mimi huingia naye, nafungua yote, najaza karai, nafunga, halafu namsugua mgongo. Wewe huingii naye?"

Sikuwa naingia. Nilivyolelewa, mama akioga unakaa mbali na mlango, na mimi hiyo niliihesabu kuwa heshima. Hakuna aliyeniambia kwamba mlango ulishafunguliwa, tena ukafunguliwa kwa kitinda mimba. Nikamuuliza ilianza lini.

"Tangu magoti yaanze kumsumbua. Aliniita mwenyewe."

Aliniita mwenyewe. Nilirudi na maneno hayo mpaka Nakuru, nikiyatafuna, na kila nikiyatafuna yalikuwa machungu zaidi.

Jioni hiyo nikabisha mlango wa bafu. Mama akasema, "Ingia basi." Mfereji ulikuwa unatoa uzi kweli, mwembamba, na yeye amejikunja chini yake kwenye kiti cha plastiki. Nikaufungua wote. Akanishika mkono, "Yataisha hayo." Nikamwambia tangi limejaa. Hita ikashika, na haikuzima. Nikajaza karai, nikachukua sabuni, nikaanza na mabega.

Chini ya bega la kushoto kulikuwa na kovu refu, la zamani, limelainika. Nina miaka hamsini na sikuwahi kuliona. Nikamuuliza lilitoka wapi.

"Si ule mtungi wa maji, siku niliteleza nao mtoni ukanivunjikia mgongoni, nikiwa na mimba yako," akasema. "Mdogo wako hajakuambia?"

Niliendelea kusugua. Baadaye, mvuke ukiwa umetuzunguka, akasema kesho nisijisumbue na safari ya Gilgil, atakaa hapa mpaka baridi iishe. Nilikuwa nimeshinda. Lakini kidole changu kilikuwa bado juu ya lile kovu, alilolipata akinibeba mimi, na mdogo wangu alilijua kabla yangu.